Plastroni ya Mkono wa Kushoto

Nilidhani imeraruka. Hebu fikiria mtu akuwekee mezani nguo yenye mkono mmoja, kifua cha upande mmoja, mgongo nusu, na mkanda unaoning'inia pale ambapo hakuna kitu. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema, "Na nani amekula hii nusu ingine?"

Msichana akacheka. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, na ananiita Tata. Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa ananipita urefu, anasoma sekondari huko Thika, na mdomo ameuchukua kwangu, hakuuchukua kwa mamake.

"Haijararuka, Tata. Hivyo ndivyo inakuaga. Inaitwa plastroni. Kocha anauliza kama unaweza kutushonea ingine."

"Plastroni! Si hiyo ni dawa ya minyoo?"

"Tata, aki, sina time. Ya mkono wa kushoto, usisahau. Mimi natumia kushoto!" Akachukua mkoba wa shule, huyoo, akaenda, akaniacha na ile nusu nguo mbele ya cherehani.

Kibanda changu kiko Gatongora, hapo Ruiru, kwenye safu ya maduka madogo yanayotazamana na ploti zetu. Nashona sare za shule, majoho ya kwaya, na ovaroli za mafundi wa magari. Mteja akileta nguo mbovu sina maswali mengi, maana ukimuuliza mteja maswali anaona hujui kazi. Unaangalia, unaelewa, unamrudishia kitu kizuri kuliko alicholeta. Hivyo ndivyo nimelisha nyumba.

Basi nikaelewa nilivyoelewa. Hawa watoto ni maskini, nikajiambia, wamepewa msaada wa nguo iliyochanika, na wanaona aibu kusema. Nikanunua dril nyeupe, nzito, ile ya koti la mpishi. Nikakata vifua viwili. Nikakata mikono miwili. Nikaweka kola ya kusimama na vifungo hadi chini. Na kwapani, kwa sababu najua watoto wa shule huraruka wapi, nikapitisha mshono mara mbili, nikamalizia kingo na mashine ya ovaloki. Nikaipiga pasi. Jirani yangu anayeuza mboga alipoiona akauliza kama kuna mtu anaoa.

Wacha niseme pia nilichokuwa najua kuhusu mchezo wenyewe, maana hapo ndipo matata yalipotokea. Nilijua kila Jumamosi anaenda Thika, kwenye ukumbi wa kanisa upande wa Kiandutu. Nilijua kuna kocha. Nilijua wanavaa nyeupe, na hilo likanitosha, kwa sababu kwa mawazo yangu watu waliovaa nyeupe hawaumizani. Nilijua pia kwamba mwaka uliopita kulikuwa na mashindano na yeye hakucheza. Alikaa kwenye benchi akiwashikia wenzake chupa za maji, akarudi nyumbani akalala bila kula. Nilimuuliza ni nini, akasema tumbo.

Kuumia ndiko kunakonitoa jasho. Dada yangu alipokuwa hospitali, zile siku za mwisho, alinishika kidole, maana nguvu ya kushika mkono mzima hakuwa nayo, akasema, "Huyu mtoto asiumie." Hakusema asome, hakusema aolewe vizuri. Alisema asiumie. Mimi nikaichukua hivyo hivyo. Mafuta ya mandazi hasogelei. Darasa lao lilipopelekwa kuona maporomoko ya Chania nilikataa kutia sahihi, mwalimu akanipigia simu, nikamwambia maji yanaanguka hata bila yeye kuangalia. Pikipiki hapandi. Jirani yangu husema siku moja nitamshonea kofia ya chuma ya kulalia.

Jumamosi nikamwambia msichana kwamba nguo nitaipeleka mwenyewe. Akashtuka kidogo, lakini hakukataa.

Nilipoingia ule ukumbi, kitu cha kwanza nilichoona ni kijana amesimama amevaa kizibao kinene cha ngozi kilichobandikwa selotepu, na watoto wamepanga foleni mbele yake na vyuma virefu mikononi, nyuso zimefungwa na wavu kama watu wa kurina asali. Wanakuja mmoja mmoja, wanamdunga kifuani. Chuma kinakunjika, kinanyooka. Na yeye anawaambia, "Tena! Usiniogope! Tena!"

"Ngai!" nikasema kwa sauti. Ukumbi mzima ukageuka.

Yule kijana ndiye kocha. Amezaliwa hapo hapo Kiandutu, mchezo huu wa panga aliufunzwa Nairobi, akaurudisha nyumbani. Akavua kizibao, akanisalimia kwa mikono miwili, akanipa kiti. Mpole. Hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumpigia kelele na mtu mpole anakunyima nafasi.

Nikamrudishia ile nusu yao, nikamkunjulia nguo yangu. Akaiangalia sana. Akaangalia vifungo, akaangalia kola, akasema, "Mama, hii kazi ni safi." Nikaona msichana wangu ameinamisha kichwa. Hapo nikajua kuna kitu.

"Sema," nikamwambia. "Mimi si yai."

"Mama, ile nusu ndiyo nzima. Hii inavaliwa ndani ya jaketi, upande wa mkono wenye upanga peke yake. Upande huo ndio unaangalia mwenzako. Huo mwingine uko nyuma, ukiujaza nguo mtoto anachoka bure na joto." Akasita. "Na kuna hapa." Akaingiza kidole kwapani, juu ya ule mshono wangu wa mara mbili na ovaloki. "Hapa hakutakiwi mshono wowote. Chuma kikivunjika, ncha yake inatafuta kwapa. Ikipata mshono, imepata mlango."

Mimi nilisikia kitu kimoja tu hapo. Chuma kikivunjika.

Kocha hakuona uso wangu, ama aliuona akafikiri maelezo yatanituliza, akaendelea. Akaniambia plastroni ni neno la Kifaransa, kama karibu maneno yote ya mchezo wao. Lakini Wafaransa nao walilitoa kwa Waitaliano, na huko kwa Waitaliano lilikuwa bamba kubwa la chuma, ambalo askari wa zamani walifunga kifuani wakienda vitani. Baadaye watu wakaanza kujifunza upanga bila nia ya kuuana, wakatumia vyuma butu, na lile bamba likawa ngozi, kisha likawa kitambaa. Jina likabaki. Akapiga kile kizibao chake chenye selotepu. "Hata hii ni plastroni. Hii ni ya mwalimu. Mwanafunzi hawezi kujifunza kupiga hewa, lazima apate kifua cha mtu. Kwa hivyo mwalimu anavaa hii, anapigwa."

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Ndio, Mama."

"Asante. Huyu mtoto harudi hapa."

Nikakunja nguo yangu yenye mikono miwili, nikamshika msichana mkono, tukatoka. Mashindano yalikuwa yamekaribia, yalikuwa yafanyike Ruiru kwetu, kwenye ukumbi wa shule moja, na hakuna mtu angeruhusiwa kuingia kucheza bila plastroni. Timu ilikuwa na ile moja ya msaada, ya mkono wa kulia, na waliotumia kulia walikuwa wanavuliana na kuvalishana. Wa kushoto alikuwa yeye peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya benchi na chupa za maji. Hayo yote aliniambia tukiwa njiani, kwa sauti ndogo.

Tulipofika nyumbani ndipo alipolipuka. "Mama aliniacha kwako, Tata. Hakuniacha ndani ya sanduku!"

Ningempiga kofi kama angekuwa mdogo. Badala yake nikaketi kitandani. Wee, maneno ya mtoto yanaweza kukupita katikati. Nilitaka kumwambia vile mamake alivyonishika kidole. Nikamwambia chai iko kwa thamosi.

Siku zilizofuata tulikaa kama wapangaji wawili wasiojuana. "Habari ya asubuhi, Tata." "Nzuri." Basi. Alikuwa anarudi kutoka shuleni, anaosha vyombo, anakaa na vitabu. Hakulia, hakuomba. Heri angeomba, ningekuwa na kitu cha kukataa.

Na mimi kibandani nikawa sioni kitu ila makwapa. Mama mmoja alileta shati la kijana wake, limeraruka kwapani. Mwalimu wa kwaya akaleta joho, kwapani. Nilikuwa nimeshona maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba kila mkono ninaounganisha na mwili naacha mlango hapo chini. Nikawa nakasirika na cherehani, kana kwamba ndiyo iliyonificha hilo.

Kisha akaja fundi mmoja wa malori, mteja wangu wa zamani, na ovaroli yake. Hawa mafundi hushinda wamechuchumaa chini ya magari, na suruali zao hupasukia pale katikati ya miguu. Nilichoka kuwashonea mshono ambao unapasuka tena wiki ijayo, kwa hivyo nilibuni njia yangu. Nakata kipande kimoja chenye umbo la tiara, ile watoto hurusha, nakipachika pale kati, na ule msalaba wa mishono inayokutana unahamia kwenye mapaja ambako hakuna shida. Pale katikati panabaki kitambaa kitupu. Hazipasuki tena. Nilikuwa nimeishika ovaroli ya yule bwana miguu juu, nikiangalia pale pa aibu, nikasema, "Haiya!"

"Kuna nini?" akauliza, akaogopa.

"Hakuna kitu. Rudi kesho."

Sikuwa nimekubali, tuelewane. Nilikuwa nataka tu kujua kama inawezekana. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya nikikata karatasi ya kaki. Kipande cha kwapa kikawa kirefu, kikaanzia kwenye kiwiko, kikapita chini ya mkono, kikashuka hadi ubavuni, bila kukatika. Mishono ikakimbilia mbele na nyuma. Nikaijaribu kwa karatasi ikavuta vibaya, nikatupa. Nikakata ingine. Ile nguo yangu ya mikono miwili, ile ya harusi ya nani sijui, nikaifumua yote nipate dril yake, nikianzia na ile ovaloki ya kwapani. Nikaweka kitambaa mara mbili. Nikashona mkono mmoja, kifua cha upande mmoja, mgongo nusu. Wa kushoto.

Msichana alirudi kutoka shuleni akaikuta juu ya meza. Aliingiza mkono wake kwapani, akatafuta mshono kwa vidole, polepole, akakosa. Akaniangalia.

"Bado sijasema ndio," nikamwambia.

"Sawa, Tata."

Jioni hiyo alikaa karibu na mimi kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, akiwa na simu. Akaniambia amesoma kwamba Wafaransa wakisema mtu ni plastroni ya wenzake, wanamaanisha yule ambaye kila mzaha unamwangukia. "Basi hapa kwetu ni mimi," nikasema. Akacheka mpaka akaegemea bega langu, nami nikamwacha aegemee.

Jumamosi tukarudi Thika. Kocha aliichukua ile plastroni, akaigeuza ndani nje, akavuta, akainua juu kwenye mwanga wa dirisha. "Mama, hii ni sawa kabisa."

"Macho hayanitoshi," nikasema. "Nataka nijue kama inashika."

"Tunaweza kulivalisha gunia, tulidunge."

"Gunia litaniambia nini? Nivalishe mimi."

Watoto wakasogea karibu. Kocha akafikiri namfanyia mzaha, akaona simfanyii. Akabishana kidogo, nikabishana zaidi. Mwisho akakubali kwa masharti yake. Akanifunga plastroni ya msichana, na kwa vile mimi si wa kilo za msichana, mkanda haukufika, ikabidi waongeze kamba ya kiatu. Juu yake akanivalisha kile kizibao chake cha ngozi cha kulinda kifua. Usoni, ule wavu. Akanifundisha kuinua mkono wa kushoto mbele, kwapa likabaki wazi. Ndani ya ule wavu nilisikia pumzi zangu mwenyewe na harufu ya jasho la watoto wa watu.

"Sasa," nikasema, "msichana wangu aje."

Alikuja, amevaa, amesimama, upanga wake ukiangalia sakafu. "Tata, siwezi."

"Unaweza. Kila siku unamdunga huyu kijana ambaye hajakukosea kitu."

Akanigusa kidogo. Nikamwambia hiyo ni salamu, si pigo. Akajaribu tena, akasimamia njiani. Hapo nikaelewa kwamba anaogopa kuniumiza, kama mimi ninavyoogopa yeye aumie, na tumekaa miaka yote katika nyumba moja kila mmoja akimwogopea mwenzake. Hasira ikanipanda, lakini ile ya mapenzi.

"Mamako aliniambia usiumie!" nikapiga kelele. Hakuwa amewahi kuisikia. "Hayo ndiyo maneno yake! Kwa hivyo nionyeshe kama hii kitu itakushikia, ama twende nyumbani sasa hivi! Piga!"

Akapiga.

Sikumwona akija. Nilisikia mguu wake ukigonga sakafu, kisha kitu kikanigonga kwapani kama kidole gumba cha mtu mwenye nguvu. Nikarudi nyuma hatua. Chini ya mkono wangu niliona chuma kimekunjika kabisa, kimeinuka kama mgongo wa paka, na kitambaa kimekisimamisha. Hakikupita. Iliuma, nisiwadanganye. Lakini iliuma kwa nje.

"Tata? Tata, uko sawa?"

Nilikuwa nalia ndani ya wavu na hakuna aliyeweza kuona, na huo ndio uzuri wa ule wavu. "Tena," nikasema.

Akapiga tena, bora zaidi. Nilipovua nyumbani nilikuta alama nyekundu ya duara, kubwa kama kifungo cha shati. Nilimwonyesha jirani yangu wa mboga. Akasema nimerukwa na akili, akaita wengine waje waone.

Mashindano yalifika. Ukumbi wa ile shule ya Ruiru ulijaa wazazi, wengine wametoka Nairobi na viti vyao vya kukunja. Mlangoni kulikuwa na mzee mwenye miwani anayekagua mavazi. Alichukua plastroni yetu, akaingiza kidole kwapani, akapapasa kutoka kiwiko hadi ubavu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili. Akapiga muhuri wa wino, akamrudishia msichana bila hata kuinua macho, akaita anayefuata. Msichana akanigeukia akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu alipokuwa mdogo, uso wazi kabisa. Mwaka huu chupa za maji zilishikwa na mimi.

Mpinzani wake wa kwanza alikuwa mrefu, wa Nairobi, mwenye vifaa vinavyong'aa. Walisalimiana kwa panga, wakashusha wavu. Refa akasema neno lake la Kifaransa, wakaanza, miguu yao ikawa inakwenda na kurudi haraka hata sikuelewa nani anamfukuza nani. Halafu yule mrefu akanyooka mzima, na nikaona chuma kikiingia pale pale. Kwapani. Kikakunjika.

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua. Chupa zikaanguka, zikabingirika chini ya viti vya watu. Refa alikuwa amesimamisha mchezo, anahesabu alama ya yule mwingine. Msichana wangu akashusha mkono, akaangalia ubavu wake. Akainua wavu, akanitafuta kati ya wale wazazi wote, akanipata. Akalipiga lile kwapa kwa kiganja, pa pa, kama mtu anayekung'uta godoro.

"Imeshika, Tata!"

Watu wakacheka. Refa akamkemea. Akashusha wavu wake, akarudi kwenye mstari, akainua mkono wa kushoto mbele, akamngoja yule mrefu.

Nikakaa. Mama aliyekuwa kando yangu aliniokotea chupa moja, akaniuliza kwa huruma kama ni mara yangu ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nimefunika macho na viganja.

"Hapana," nikamwambia. "Huyo wa kushoto alianza na kunidunga mimi."

Nikatoa mikono usoni, nikaangalia.